Simu tano, rekodi za miezi mitatu na karatasi ambayo hakuna aliyeiona

SWALI: Asalaam aleikum mwanangu wakili. Mimi ni mama wa hapa Likoni, Mombasa. Kijana wangu ni fundi wa simu, ana kibanda chake karibu na stendi. Mwezi uliopita walikuja watu wawili waliovaa kiraia, wakasema ni askari, wakachukua simu yake na simu nne za wateja zilizokuwa mezani. Wakamwambia afungue yake, akafungua. Alilala kituoni usiku mmoja. Asubuhi wakamwonyesha karatasi zenye nambari zote alizopiga na kupigiwa kwa miezi mitatu, wakawa wanamuuliza huyu nani, huyu nani. Jioni wakamwachilia bila mashtaka, simu wakabaki nazo. Walikuwa na ruhusa ya kuzipata nambari hizo? Usidhani natetea wahalifu. Nakumbuka lile kanisa lililovamiwa hapa kwetu mwaka 2014. Jirani yangu ananiambia kama kijana hana hatia, aogope nini? Nimeshindwa kumjibu.

JIBU: Wa aleikum salaam mama, na shikamoo. Pole kwa usiku ule. Aliyefungiwa kituoni ni kijana, lakini asiyepata usingizi najua ni wewe.

Nitaanza na simu zenyewe kwa sababu hapo jibu ni fupi, kisha tukae kwenye zile karatasi za nambari, maana hizo ndizo zilizonifanya nikujibu kwa urefu huu.

Askari ana ruhusa ya kumsimamisha na kumpekua mtu anayemshuku, kwa sababu za kuaminika, kwamba ana kitu cha wizi. Hilo limo katika kifungu cha 26 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai. Na kibanda cha fundi wa simu ni mahali ambapo simu za wizi hupita, hata mwanao hatabisha. Kwa hiyo kuzichukua tu sitakuambia kwa hapa nilipo kwamba ni kosa. Inategemea walikuwa na sababu gani, na kama waliiandika.

Lakini kuichukua simu ni jambo moja na kuingia ndani yake ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 48, inasema askari anayeamini kuwa kuna ushahidi ndani ya kifaa aende mahakamani akaombe kibali cha kupekua. Kifungu kinachofuata kinamtaka aandike orodha ya alichokichukua, tarehe na saa, na nakala ampe mwenye mali. Muulize kijana kama alipewa karatasi yoyote. Kama hakupewa, hilo tayari ni shimo katika kazi yao. Na zile simu nne za wateja ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, maana wenye simu hizo hawakuwepo hata kuulizwa. Mmoja aliacha simu abadilishiwe kioo akaenda zake sokoni, na picha za harusi ya bintiye ziko kituoni hadi leo.

"Wakamwambia afungue, akafungua." Mama, wengi hufungua. Watu wawili wamesimama mbele yako, kibanda kimejaa watu wanaotazama, nani atakataa? Mwendesha mashtaka akija kusema kijana alitoa kwa hiari yake, wakili mzuri atauliza hiari ya namna gani hiyo. Katiba, kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya kukaa kimya, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kutolazimishwa kukiri jambo litakalotumiwa dhidi yake. Siku nyingine, kwa sauti ya chini na bila kung'ang'ania simu, aseme: "Afande, naomba kuona kibali cha mahakama, na naomba nimpigie wakili." Basi. Wakiichukua kwa nguvu awaachie, asishindane nao mikono. Atashindana nao baadaye kwa kalamu.

Sasa zile nambari.

Nambari za simu alizopiga mtu hazikai kwenye simu yake peke yake. Zinakaa kwa kampuni ya simu. Hata angeitupa simu baharini pale kivukoni, kampuni ingekuwa nazo. Njia halali ya polisi kuzipata ni kifungu cha 50 cha sheria ileile ya 2018: afisa anaandika ombi, anaambatanisha hati ya kiapo inayoeleza anachunguza nini na kwa nini nambari hii, anampelekea hakimu, hakimu akiridhika anatia saini amri inayoielekeza kampuni itoe rekodi. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba walihitaji amri. Kama waliipata, nambari zile ni halali. Kama walipigia rafiki yao aliyemo kampuni akawatolea, wao na rafiki yao wote wamevunja sheria.

Nikueleze amri hiyo inavyopatikana, maana watu hudhani kuna kesi inayosikilizwa. Hakuna. Nimeyaona maombi haya. Ni kurasa tatu au nne zimebanwa na pini kwenye faili jembamba. Hati ya kiapo nyingi zimeandikwa kwa maneno yaleyale: "nimepokea habari za kuaminika kwamba mwenye nambari iliyotajwa anahusika." Chini yake zimepangwa nambari, pengine moja, pengine kumi na zaidi. Hakimu anasoma akiwa chemba, kati ya kesi ya ardhi na kesi ya matunzo ya mtoto. Aliyepo mbele yake ni afisa peke yake. Mwenye nambari hayupo, wakili wake hayupo, na si makosa kwamba hawapo: huwezi kumwita mtu mahakamani kumwambia kesho tutaanza kukuchunguza. Hilo nalikubali kabisa.

Ila angalia linaleta nini. Kwa sababu upande mmoja tu ndio unaosikilizwa, kinga yote ya raia inabaki kwenye macho ya watu watatu. Wa kwanza ni hakimu, akisoma kwa makini na kuuliza, "Nambari ya tano hii ya nani, na imeingiaje hapa?" Wa pili ni karani wa sheria kwenye kampuni ya simu, anayetakiwa kukataa kutoa chochote bila amri, au kutoa miezi sita pale amri iliposema mitatu. Wa tatu ni wakili wa mshtakiwa, ambaye miezi baadaye ataishika karatasi ile mahakamani na kuuliza ilipatikanaje. Huyu wa tatu ndiye anayeogopwa. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki utatupwa kama kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji haki. Na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka rekodi za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza zilitolewa na nani, kwa mashine gani. Wapelelezi wanaojua kwamba swali hilo linawasubiri hufanya kazi yao vizuri zaidi, nimewaona.

Mwanao hakushtakiwa. Basi yule wa tatu hakuja. Karatasi ile ilipita kwa hakimu, kama ilipita, na kwa karani, kama ilipita, kisha ikaingia droo. Hapa ndipo sheria yetu ina upungufu mkubwa kuliko unaozungumzwa kwenye runinga. Tumeweka bawabu mlangoni wakati wa kuingia, lakini hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia mwenye nyumba kwamba wageni walipita, walishika nini, na wakaondoka. Anayechunguzwa akapatikana na kosa hupata nafasi ya kuuliza. Anayechunguzwa akaonekana hana kosa hajui lolote. Yaani asiye na hatia ndiye mwenye kinga ndogo zaidi. Kijana wako amejua kwa sababu moja tu, kwamba askari walimwekea karatasi mbele ya macho.

Jirani yako sasa. Anauliza asiye na hatia aogope nini. Nina kisa, na nimebadilisha miji na siku ili mwenyewe asijulikane.

Miaka kadhaa iliyopita nilimtetea mtu wa Mtwapa aliyeshtakiwa kwa wizi wa pikipiki, Ijumaa usiku. Nikapewa faili la upande wa mashtaka na ndani yake kulikuwa na rekodi zake za simu, kurasa nyingi kama kitabu cha shule. Mama, karatasi hizo hazina neno hata moja la mazungumzo. Zina safu tu: nambari iliyopiga, nambari iliyopigiwa, tarehe, saa, muda kwa sekunde, nambari ya kifaa chenyewe, na mwisho jina la mnara uliobeba simu hiyo. Nikakaa nazo usiku na kalamu ya wino mwekundu. Kila Alhamisi baada ya magharibi minara ilijipanga yenyewe: Mtwapa, Bamburi, kisiwani, Likoni, Tiwi, Ukunda. Hapo inatulia. Jumamosi alfajiri inarudi kwa mpango uleule kinyumenyume. Kulikuwa na nambari moja aliyoipigia kila asubuhi na kila usiku siku nyingine zote, dakika kumi, dakika kumi na tano. Usiku wa Alhamisi na Ijumaa haipo. Kwa nini uipigie, na mwenye nambari mmekaa naye jamvi moja?

Nilijua jambo ambalo mkewe hakulijua. Mke huyo alikuwa akija mahakamani kila tarehe ya kesi, anakaa benchi la nyuma na chupa ya chai ya mumewe. Ile ya Ukunda ilikuwa ndoa halali, imepita kwa kadhi. Hakuna kosa lolote la jinai hapo. Na rekodi zilezile ndizo zilizomwokoa, kwa sababu Ijumaa ile usiku pikipiki ilipoibwa Mtwapa, simu yake ilikuwa Ukunda. Lakini ili kumwokoa ilinibidi nisimame nimwambie hakimu kwa sauti mteja wangu alikuwa wapi na kila wiki huwa wapi. Aliniuliza, "Wakili, hakuna njia nyingine?" Hakukuwa nayo. Aliachiliwa saa sita mchana. Chupa ya chai ilibaki kwenye benchi.

Mwambie jirani hivyo. Hakuwa na hatia, na alikuwa na la kuogopa. Kabla yangu faili lile lilikuwa limesomwa na mpelelezi, bosi wake, karani wa masjala na mwendesha mashtaka, na yeyote kati yao angeweza kumpigia simu mtu huyo jioni moja na kumwambia, "Najua unapolala Alhamisi." Sisemi walifanya. Nasema sheria inatakiwa kuandikwa kwa ajili ya yule atakayefanya.

Wako wanaosema minara na nambari si mazungumzo, kwa hiyo si faragha nzito. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hoja hiyo mwaka 2018. Bwana mmoja, Timothy Carpenter, alishtakiwa kwa wizi wa kutumia silaha (wa maduka ya vifaa vya elektroniki na simu, dunia ina mizaha yake), na wapelelezi walichukua kutoka kampuni za simu mienendo yake ya siku 127, alama 12,898 za mahali alipokuwa, kwa amri nyepesi kuliko waranti ya kawaida. Majaji watano dhidi ya wanne walisema hapana: historia ndefu ya namna hiyo ni maisha ya mtu yamechorwa ramani, na inahitaji waranti yenye sababu kamili. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila mawakili wetu huunukuu.

Nimesema sana upande mmoja. Nirudi kwenye kanisa ulilolitaja, maana hukulitaja bure.

Mimi si katika wale wanaotaka serikali iwe kipofu. Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi 21 Septemba 2013, walikufa watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, walikufa 148, wengi wao watoto wa watu waliokopa ada. Kesi ya Westgate ilipokwisha Oktoba 2020, washtakiwa wawili walitiwa hatiani kwa kula njama na kusaidia washambuliaji, na mawasiliano yao ya simu na washambuliaji hao yalikuwa sehemu ya ushahidi. Wa tatu aliachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hiyo ndiyo kazi ya rekodi zikipita kwenye mikono halali: zinafunga na zinafungua, na kila mtu ameziona mchana kweupe.

Wasiwasi wangu unaanza pale hofu inapotumiwa kuondoa macho yale matatu. Desemba 2014, wiki chache baada ya magaidi kuua watu kule Mandera, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama katika kikao ambacho wabunge walipigana na kumwagiana maji. Rais akaitia saini tarehe 19. Humo kuliingizwa kifungu cha 36A katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Sheria hiyo tayari ilikuwa na kifungu cha 36, ambacho kinamtaka afisa aende mahakamani kuomba amri kabla ya kunasa mawasiliano. Kile kipya kinasema vyombo vya usalama wa taifa vinaweza kunasa mawasiliano ili kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa kufuata utaratibu utakaowekwa na Waziri na kuidhinishwa na Bunge. Soma tena: Waziri, Bunge. Katika maneno ya kifungu chenyewe humsikii hakimu.

Muungano wa upinzani wa CORD na wengine walikwenda mahakamani. Tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walitupa vifungu vinane vya sheria ile, kikiwemo kile cha kuweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini. Lakini 36A walikiacha, wakisema faragha inaweza kupunguzwa kwa ajili ya tishio kubwa kiasi hicho. Kwa heshima zote kwa majaji, hapo nadhani walikuwa wepesi mno. Ukubwa wa tishio ni sababu ya kumpa hakimu simu ya dharura ili asaini saa nane usiku. Si sababu ya kutomwamsha.

Kuna jambo jingine lililo karibu na hili, la kile kifaa ambacho Mamlaka ya Mawasiliano ilitaka kampuni za simu ziruhusu kiunganishwe kwenye mitambo yao mwaka 2017. Ilisema ni cha kutambua simu bandia na za wizi, jambo ambalo mwenye kibanda cha fundi hawezi kulipinga. Mahakama Kuu ilikizuia Aprili 2018, Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo mwaka 2020, na Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa ya Chama cha Mawakili Aprili 2023. Mimi swali langu halikuwa kuhusu simu bandia. Kifaa cha serikali kikikaa ndani ya mtambo wa kampuni, yule karani wa kuuliza "amri iko wapi?" anaweza kurukwa. Warusi walilipitia hili. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, tarehe 4 Desemba 2015, ilimpa ushindi mhariri mmoja, Roman Zakharov, kwa sababu sheria ya kwao ilitaka kampuni za simu zifunge mitambo inayowapa wanausalama njia ya moja kwa moja. Ilikuwa lazima wapate kibali cha mahakama, ndiyo, lakini hawakuwa na haja ya kumwonyesha mtu yeyote kibali hicho. Kibali ambacho hakuna wa kukidai ni karatasi ya kufungia mahamri.

Ukiniuliza ni nchi gani nimeiona ikilishika tatizo hili kwa mkono wa kulia, nitakutajia Afrika Kusini, na kisa chake kinafanana na cha mwanao kuliko unavyodhani. Mwandishi wa habari za uchunguzi, Sam Sole, alishuku kwa miaka kwamba simu yake inasikilizwa. Aliuliza, hakuambiwa ndiyo wala siyo. Mwaka 2015, katika kesi ya mtu mwingine kabisa, ile iliyohusu mashtaka ya Jacob Zuma, aliyekuwa Rais wa nchi hiyo, zikatolewa mahakamani kurasa zenye mazungumzo yake na mwendesha mashtaka mmoja, neno kwa neno. Ndivyo alivyojua: karatasi ilidondoka kutoka faili la mwenzake.

Yeye na shirika lake, amaBhungane, walishtaki. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ilisema sheria ya kunasa mawasiliano ya nchi hiyo ina kasoro, na ikazitaja. Jaji anayetoa vibali hakuhakikishiwa uhuru wa kutosha. Hakukuwa na njia ya kufidia ukweli kwamba anasikiliza upande mmoja. Wanahabari na mawakili, watu wenye siri za wengine, hawakuwa na ulinzi wao. Na, hili ndilo langu, aliyechunguzwa haambiwi kamwe. Mahakama ililipatia Bunge miaka mitatu kurekebisha, na haikungoja: ikaamuru kwamba tangu siku hiyo, ndani ya siku 90 baada ya kibali kwisha, aliyechunguzwa aandikiwe barua kuambiwa. Kama barua itaharibu uchunguzi unaoendelea, mpelelezi amwendee jaji aombe muda, na aeleze sababu. Jaji ndiye anayeamua.

Barua moja tu, mama. Haizuii uchunguzi, haimwamshi gaidi, kwa sababu inakuja baada ya kazi kwisha. Inachofanya ni kumrudisha yule wa tatu hata pale ambapo hakuna kesi. Afisa anayejua kwamba baada ya miezi mitatu mwenye nambari ya tano ataandikiwa, atafikiri mara mbili kabla ya kuichomeka nambari ya tano, ambayo kumbe ni ya shemeji yake wanayegombania shamba. Ningekuwa na mbunge mmoja wa kumshika koti, ningemwomba hilo kabla ya lingine lolote.

Kwetu barua hiyo haipo, lakini unaweza kuidai kwa mlango wa pembeni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi iliyoombwa siku 21 kujibu. Kijana aandike kwa mkuu wa kituo, akiomba nakala ya amri ya mahakama iliyotumika kupata rekodi za laini yake, nambari ya faili la ombi hilo, na orodha ya vifaa vilivyochukuliwa. Aandike kwa heshima, kwa nakala mbili, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Wanaweza kujibu kwamba ni usalama wa taifa. Sheria inawapa nafasi hiyo. Lakini wakijibu hivyo kuhusu fundi wa simu waliyemwachilia bila mashtaka, jibu lenyewe ni ushahidi wa namna yake.

Barua ya pili iende kwa kampuni ya simu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwenye data ana haki ya kujua data zake zinatumika vipi na kuziona. Aulize walimpa nani rekodi za miezi ile na kwa amri ipi. Wakinyamaza au wakizungukazunguka, alalamike kwa Afisi ya Kamishna wa Data. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kuhusu mwenendo wa askari wenyewe, kama walikataa kujitambulisha au walimtisha, kuna IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia mwenendo wa polisi, na kupeleka lalamiko huko hakulipiwi.

Ningeanza lakini na OB. Kila mtu anayeingizwa kituoni huandikwa kwenye kitabu cha matukio, na nambari ya OB ndiyo itakayoonyesha aliingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Hukuniambia alichukuliwa saa ngapi, lakini kama hakuvuka saa 24 ambazo Katiba inawapa polisi kabla ya kumfikisha mahakamani, tusiwasingizie hapo. Tutawauliza pale walipoteleza tu. Lalamiko lenye kosa moja la kweli hupita haraka kuliko lenye makosa saba ya kukisia.

Halafu wale wateja wanne. Kila mmoja ana haki yake mwenyewe, na kila mmoja ana sauti yake kituoni. Kijana asiwadai wala asiwaombee. Awape nambari ya OB tu, waende wenyewe wakaulize simu zao. Wenye simu wanne wakisimama kaunta asubuhi moja, nimeona simu zikipatikana kabla ya adhuhuri.

Na ile ya kijana, tafuta boksi lake. Likiwa bado liko kabatini, ubavuni kuna kibandiko chenye IMEI, yaani nambari ya kuitambulisha simu yenyewe, tarakimu kumi na tano. Zinakiliwe kwenye barua zote mbili, na boksi lenyewe lisiende kituoni. Libaki kwako.